Usiende Pemba kwa Amin Yangu

Nyumba Na. 31, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Soko, Woolwich,
London S.E. 18.

19 Novemba 1972

Mpendwa mdogo wangu Shaame,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta hapo Kibokoni, Mombasa, ukiwa mzima, wewe na Ummukulthum na watoto. Lile jipu la mguuni limepona? Ummukulthum aliandika kabla ya Ramadhani kwamba huwezi hata kuvaa kiatu, na tangu siku hiyo hatujasikia neno.

Sisi hatujambo. Mimi nimemaliza funga za sita za Shawali juzi, Mwanamwema amebakiwa na mbili. Mwezi huu kufunga hapa ni kama kudanganya: jua linachomoza umeshafika kazini, na saa kumi ya jioni limekwisha zama. Baridi imeingia kwenye magoti yangu na haina nia ya kutoka. Binti yetu Thuwaiba amemfikia mama yake kwa urefu. Nikimwuliza jambo kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, naye anaona kwamba amenijibu.

Bila shaka telegramu yangu ya Ijumaa umeipata. USISAFIRI NGOJA BARUA MUHIDDIN. Karani wa posta alinitazama kama mtu anayeficha maiti. Sikuweza kuandika zaidi ya hapo, kwa sababu telegramu husomwa na kila mkono unaoishika. Barua yenyewe ndiyo hii. Isome umekaa.

Jumapili ya tarehe 12 tuliitwa kwa Mwadini, Stratford. Mwadini unamjua: shemeji yangu, kaka yake Mwanamwema, na mwanafunzi wangu wa Unguja, yule aliyekaa mbele yako darasani akakuziba ubao kwa kichwa chake. Siku hizi ndiye imamu wetu, ndiye mwenyekiti wetu, na kila mkutano wa wakimbizi wa kwetu hufanyika kwenye zulia lake.

Ukungu ulikuwa mzito siku hiyo na kivuko cha Woolwich kilisimamishwa. Nikashuka kwenye handaki la waenda kwa miguu, nikapita chini ya mto, nikangoja treni upande wa pili karibu saa nzima. Nilipofika, viatu vilikuwa vimejaa mlangoni mpaka kwenye ngazi. Ndani watu wameinua mikono na Mwadini anaomba dua. Nikafanya ambalo mimi na wewe na mtu yeyote wa kwetu angelifanya: nikachutama penye nafasi, nikainua mikono, nikaitikia amin. Tena kwa sauti, maana sauti yangu ya darasani haijui kunong'ona. Dua ilikuwa ya Kiarabu, ile ile tunayoombea kila jambo. Mzee Faki wa Chwale alikuwa amelazwa hospitali wiki ya tatu kwa kifua, nikajua anaombewa yeye. Ikasomwa Fatiha, tukapangusa nyuso.

Chai ilipoletwa nikauliza, "Mzee Faki anaendeleaje?"

Chumba kizima kikacheka.

"Mzee Faki katoka jana, yuko nyumbani anakula biskuti," akasema Mwadini. "Fatiha uliyoisoma ni ya safari, Mwalimu. Jambo limeshapita."

"Safari ya nani?"

"Ya Shaame wako. Anakwenda Pemba."

Nikaweka kikombe chini. Nikasema sikuwepo jambo hilo lilipozungumzwa.

"Lakini ulikuwepo lilipofungwa," akasema. "Umeitikia amin au hukuitikia?"

"Nimemwitikia Mzee Faki!"

"Basi Mzee Faki ndiye atakayekwenda Pemba," akadakia mmoja kutoka pembeni, "tumpe na biskuti zake." Wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi niliyezoea kuwachekesha.

Unajua kwetu jambo likishasomewa Fatiha limekuwa nini. Msichana huwa keshaposwa, nyumba mbili zilizogombana huwa zimeshapatana, na anayerudi nyuma hapewi salamu. Wao hawakufanya mzaha waliponishika na neno langu, na mimi sikuwa na pa kushikia.

Jambo lenyewe ni hili. Wamemwandikia mkubwa wa dola moja ya ng'ambo, ambayo sitaitaja kwenye karatasi, wakimwomba silaha na watu wa kwenda kuipindua serikali ya Unguja. Dola hiyo imejibu kwa mdomo kwamba haitoi hata risasi moja mpaka ijue ni nani aliyeko ndani ya visiwa yuko tayari. Ndipo likazuka wazo la orodha ya majina. Mjumbe wao anapanda ndege Jumanne ya tarehe 28 kuja Mombasa. Atakukabidhi karatasi, nawe upite kwenye zile njia za magendo ya karafuu ulizozijua ujanani, uingie Wete, uende nyumba kwa nyumba ukachukue sahihi.

Karatasi hiyo nilipewa mimi niinakili, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mwandiko. Nikaisoma kwenye treni. Majina kumi na moja. La nne ni la kaka yangu Hamdani. La saba ni la Bwana Kombo, baba yake Ummukulthum, mtu ambaye hata ugomvi wa mipaka ya shamba lake huwaachia wengine. Hakuna kati ya hao kumi na moja aliyeulizwa. Waliwekwa kwa sababu tunawajua, na kwa sababu orodha fupi ingetutia aibu mbele ya wakubwa.

Tangu yale mauaji ya Rais wa Unguja mwezi wa Aprili, huko nyumbani watu wanakamatwa kwa kuonekana wamesimama pamoja. Karatasi ile ikikutwa kwenye nguo zako, hakuna atakayeuliza nani ametia sahihi na nani hajatia. Jina litatosha.

Sasa nivumilie kidogo, maana nataka kukurudisha darasani.

Kesho yake, Jumatatu, Thuwaiba alirudi na kazi ya shule. Anatakiwa kuandika kurasa mbili juu ya Mfalme John wa Uingereza na mabaroni wake, wale mabwana wenye ardhi na ngome. Nikacheka. Kisa hicho nimekifundisha miaka kumi na mmoja, tena kwa watoto waliokuwa hawajawahi kuona ngome yoyote isipokuwa ya Forodhani. Unakumbuka tulivyokuwa tukikimaliza? Mfalme dhalimu, mabaroni wakamwasi, wakaingia London, wakamkalisha kwenye uwanja wa majani kando ya mto Thames mwaka 1215, akatia muhuri hati ya haki. Hapo kengele inalia nanyi mnakwenda kucheza mpira. Nilikomea hapo kwa sababu mtihani ulitoka Ulaya, na mtihani ulikomea hapo.

Mwadini hakusahau somo lile. Hakuna hotuba yake isiyokuwa na mabaroni. "Mwalimu ndiye aliyetufundisha kwamba walishinda!" huwaambia watu, na mimi nimekuwa nikikaa kwenye zulia lake nikitikisa kichwa kama mtu anayesifiwa ng'ombe wake.

Hawakushinda, Shaame. Nilikufundisheni nusu ya kisa. Nilikaa na Thuwaiba siku tatu nikaisoma nusu ya pili, ambayo nilikuwa nayo rafuni miaka yote.

Kwanza, mabaroni wale walikuwa watu wa pwani mbili. Asili yao ni Ufaransa. Mtu ana mashamba Uingereza na ana ngome ng'ambo ya maji, Normandi. Wafalme wawili walipopigana na yule wa Ufaransa akaichukua Normandi, kila mmoja akaambiwa achague: umtumikie huyu upoteze vya kule, au umtumikie yule upoteze vya huku. Hali hiyo mimi na wewe hatuhitaji kuisomea.

Kulikuwa na bwana mmoja, William de Braose, kipenzi cha mfalme mpaka walipokosana. Mfalme akataka apewe watoto wake wakae kwake kama rehani. Mkewe, Matilda, akawajibu watumishi mlangoni kwamba hawatoi wanawe kwa mtu aliyemwua mtoto wa ndugu yake mwenyewe. Alisema lililosemwa na wengi kwa siri, na alilisema kwa sauti, kama ninavyopenda mimi kusema. Baadaye mume akakimbilia Ufaransa. Mke na mwana wao mkubwa wakakamatwa, wakafungiwa ndani, wakaachwa na njaa. Mwandishi mmoja wa zama zile anasema mlango ulifunguliwa siku ya kumi na moja, na wote wawili walikuwa wamekufa. Mume alifariki mwaka uliofuata, uhamishoni, na hakuna aliyemgusa hata unywele.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Mimi niko salama, Shaame. Mwadini yuko salama. Zulia zima la Stratford liko salama.

Na ile hati? Haikutimiza miezi mitatu mfalme akawa ameikana. Mabaroni wakajikuta wamejifungia London hawana nguvu ya kutosha. Wakamwita Louis, mwana wa mfalme wa Ufaransa, aliyekuwa adui wao mpaka mwaka uliotangulia, aje awe mfalme wao. Akaja na merikebu zake, akaingia hapa London, wakampigia magoti na kumwapia. Miezi minne baadaye Mfalme John akafa kwa tumbo la kuhara. Aliyebaki ni mwanawe wa miaka tisa. Ugomvi wao ulikuwa na John, na John hayupo. Tena washauri wa yule mtoto wakaitoa upya ile hati kwa hiari yao, ndani ya wiki chache. Mengi ya waliyoyapigania yalikuwa mezani yakiwangoja. Lakini walikuwa wameshaapa kwa Mfaransa, na wengi wakaona haya kurudi nyuma. Wakapigana karibu mwaka mzima zaidi. Mji wa Lincoln ukaporwa; wanawake wakapakia watoto na vyombo kwenye vimashua ili wawakimbie askari, vimashua vikalemewa, vikazama nao. Louis alishindwa, akalipwa ili aondoke, akarudi kwao, na baadaye akawa mfalme wa kwao.

Tena inasimuliwa kwamba bwana mmoja wa Kifaransa, akiwa anakata roho mjini humu, aliwaita baadhi ya mabaroni akawaambia kwamba Louis amekula yamini, siku akishinda, kuwafukuza nchini wote waliomwita, kwa kuwa waliomsaliti mfalme mmoja watamsaliti na wa pili. Huenda ni uzushi wa vita. Lakini waliosikia waliamini, na hilo peke yake linaonyesha walikuwa wanamwamini mgeni wao kiasi gani.

Thuwaiba aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini hawakurudi tu majumbani mwao John alipokufa. Nikamwambia ni swali zuri. Hivyo ndivyo mwalimu husema anapokuwa hana jibu.

Usije ukadhani nimepoa, wala usimruhusu mtu akwambie nimenunuliwa. Miaka minane nimekiandika kile kigazeti chetu cha kurasa nne, nikawatukana walionyang'anya nyumba za watu na kuwatia watu vizuizini, kwa kila neno lililomo kwenye kamusi na mengine niliyoyaunda mwenyewe. Nitaendelea. Wakitaka kuniona nimenyamaza waje na sanda. Lakini ninapotukana natia jina langu mwenyewe chini ya ukurasa. Sijawahi kutia jina la Hamdani. Na anayenishawishi niliite jeshi la mgeni kwenye nchi yangu, halafu ajiite mkombozi, namwambia usoni kwamba yeye na huyo anayempinga wanatofautiana bendera tu.

Nikaichoma karatasi. Siku ya Jumatano, kwenye jiko la gesi, Mwanamwema akiwa amesimama karibu yangu na sufuria ya maji kwa hofu ya mapazia.

Alhamisi, sisi tumekwisha futuru, Mwadini akaja kuchukua nakala yake. Hakuvua koti.

"Iko wapi, Mwalimu?"

"Imeungua."

"Umechoma Fatiha ya watu!"

"Nimechoma karatasi, Mwadini. Fatiha haiungui."

"Kila mwoga ana kitabu cha kujifichia. Si wewe uliyetufundisha kwamba mabaroni..."

"Nilikufundisha vibaya. Nakutaka radhi. Kaa nikumalizie."

"Sikuja kusoma!" Akapiga meza, vikombe vikaruka. "Majina ninayo kichwani. Nitaandika nyingine usiku huu."

Mwanamwema alikuwa jikoni anakaanga sambusa za Thuwaiba za kupeleka shuleni. Akatoka na kalamu na daftari la mtoto, akaviweka mbele ya kaka yake.

"Andika, kaka," akamwambia. "Tena andika hapa hapa nikuone. Lakini uanze na jina la mama."

Mama yao yuko Mtambwe, huko huko Pemba, kama unavyojua, na umri wake umepita sabini.

"Mama hahusiki," akasema Mwadini.

"Na Bwana Kombo anahusika kwa lipi? Kwa kumwoza binti yake kwa Shaame? Mama kakuzaa wewe. Andika, alah! Unangoja nini?"

Aliishika kalamu, Shaame. Niliona vidole vyake vikiibana. Mafuta jikoni yakaanza kunuka kuungua na hakuna kati yetu aliyeinuka. Kisha akaiweka kalamu juu ya daftari, polepole, akafunga vifungo vya koti, akatoka. Hakusema ameacha. Hakusema ataendelea. Mimi hakunipa hata salamu.

Mwanamwema akazima jiko, akarudi, akaniambia, "Yeye ana wazimu wa heshima, wewe una wazimu wa maneno. Na nyote wawili mko Ulaya." Nimeoa mwanamke ambaye angefaa kuandika kile kigazeti.

Kwa hiyo sijui kama mjumbe atakuja au hatakuja. Ndiyo sababu ya telegramu.

Limebaki moja, na hili nimelizunguka tangu ukurasa wa kwanza. Utaniuliza jina lako walilipata wapi. Halikutoka kinywani mwa Mwadini. Mwadini hajakuona tangu mlipomaliza shule, na hakujua habari zako za karafuu. Siku ya Idi tulikula pilau kwake, watu wengi, mazungumzo yamekolea, kila mtu anataja shujaa wake. Mimi nikasimama, mkono mmoja una paja la kuku, nikasema kwamba katika watu wote walio hai yuko mmoja tu anayeweza kuingia Wete na kutoka bila mbwa kubweka, naye ni Shaame, mtoto wa mama yangu mdogo. Nikasimulia safari zako tatu. Nikaongeza ya nne, ambayo hukwenda. Watu wakashangilia, na mimi nikaketi nimefurahi.

Nilikutoa kwa kitoweo cha mazungumzo, ndugu yangu. Zilipopita siku nne, maneno yangu yakawa mpango.

Basi nakuomba hivi. Akija mjumbe, mkaribishe, mlishe, mlaze. Ni mtoto wa watu na ni mgeni. Karatasi usiipokee. Ikiwa ametangulia na unayo tayari, ichome bila kuifungua. Mawili yaliyomo nimeshakutajia kwa sababu ni ya watu wako na una haki nayo; hayo tisa usiyasome, maana mtu hawezi kupigwa akataja asichokijua. Akikwambia kwamba Mwalimu ameitikia, mwambie Mwalimu ameiondoa amin yake, na kwamba aliyeitoa kwa kutojua ndiye mwenye ruhusa ya kuiondoa. Kisha msomee Ummukulthum barua hii yote, pamoja na habari ya baba yake, na baada ya hapo uichome nayo. Usimfiche. Kama bado unataka kwenda baada ya yeye kusikia, mtazame yeye unapolisema hilo, usinitazame mimi.

Jumapili ijayo nitakwenda Stratford, nitatoka nyumbani asubuhi hata kama mto wote umefunikwa ukungu. Nitasimama kabla ya dua, nitasema kwa Kiswahili kitupu kwamba mimi simo, na kwamba wewe nilikutaja bila idhini yako. Najua gharama yake. Hapa tuko wachache, na anayewaosha maiti wetu ni Mwadini. Mwanamwema anasema tutajua la kufanya siku hiyo ikifika, na mimi sina neno bora kuliko hilo.

Nisalimie mama mdogo, mbusu mkono kwa niaba yangu na usimwambie lolote. Nisalimie Bi Zuhura wa ghorofa ya chini na wanawe, na kila anayeniuliza mwambie nipo. Mwanamwema anamsalimu sana Ummukulthum; amempelekea kipande cha kitambaa kwa mkono wa Jitendra, yule jirani yetu aliyetoka Kampala, ambaye dada yake anakuja Mombasa mwezi ujao. Thuwaiba anakusalimu pia, safari hii kwa Kiswahili, nimemsimamia.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, awafunike wale kumi na moja wasiojua walivyotajwa, na anipe umri wa kuja kukuomba radhi ana kwa ana. Niandikie neno moja tu kwamba uko nyumbani.

Ni mimi kaka yako akupendaye, aliyekutaja bila kukuuliza,

Muhiddin